Kwa Nini Draiva ya Printa Ina Neno SHATI

Vijana wa chumba cha mashine, siku ile ya kuniaga kwa chai na keki mliniomba niwaandikie habari za miaka yangu ya kazi, na hasa mlitaka kujua jambo moja: kwa nini ndani ya draiva ya printa ya Lamu pana mahali palipoitwa SHATI, na kwa nini mkipafuta kila kitu kinasimama. Mmoja wenu alisema lazima ni herufi za mwanzo za maneno marefu ya kitaalamu. Nilicheka nikala keki. Kisha nilipofika nyumbani Matondoni, kisiwani Lamu, nikaona kwamba nikifa kesho hakuna atakayejua, na hilo si la kuchekesha sana.

Nimenunua daftari la kurasa mia mbili. Sijui kama nitalijaza. Shule niliishia kidato cha pili, na mwalimu wangu wa insha aliwahi kuniandikia kwa wino mwekundu neno moja tu: "Kwa nini?" Basi mkiona pahali pamepinda, panyosheni wenyewe. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara mke wangu anaujua kuliko mimi.

Nilikwenda Mombasa nikiwa na miaka kumi na tisa. Baba yangu alikuwa fundi wa mashua, na mimi shoka lilinishinda. Ubao nikiuchonga ulitoka mnene huku mwembamba kule, kama kipande cha papai. Baba hakunikemea. Alisema tu, "Mombasa kuna kazi nyingi za kuketi." Nikapata kazi kwenye shirika letu, lakini si ya kuketi. Niliajiriwa kubeba masanduku ya kadi.

Nyinyi hamkuziona kadi hizo. Zilikuwa karatasi ngumu zenye vitundu, na kila kadi ilikuwa mstari mmoja wa programu au jina la mtu mmoja. Siku yangu ya kwanza niliingia chumba cha kompyuta kuu nikiwa na shati la mikono mifupi. Baridi ya humo ilinishika nikatetemeka, na sanduku la kadi elfu mbili likanitoka mikononi. Zilitawanyika mpaka chini ya mashine. Nikapiga magoti nikaanza kuziokota na kuzipanga moja moja kwa namba zilizochapwa pembeni. Nilipanga siku tatu.

Siku ya nne mwanamke mmoja aliyevaa buibui na sweta juu yake alinishika mkono, akanipeleka kwenye mashine iliyokuwa pembeni, akatia kadi zile zote. Mashine ikazipanga kwa dakika nane.

"Mbona hukuniambia siku ya kwanza?" nilimuuliza.

"Nilitaka kuona kama utalia au utamaliza," alisema.

Huyo ndiye Bi Zuhura, mwandishi wa programu za mitambo, mzaliwa wa Mombasa Mji wa Kale. Nimekuwa nikisimulia kisa hiki miaka mingi kana kwamba alinionea. Si haki. Siku hizo tatu aliniletea chai mara sita, na sweta nililolivaa mwaka mzima lilikuwa la ndugu yake. Naye ndiye aliyeniomba kwa wakubwa nifundishwe, mimi Shee mbeba masanduku, wakati palikuwa na vijana wenye vyeti. Sababu aliyowapa ilikuwa kwamba mtu anayeweza kupanga kadi elfu mbili kwa mkono hatachoshwa na draiva. Sina hakika kama ilikuwa sifa.

Sasa draiva ni nini, kwa wale watakaosoma na si watu wa mashine. Kompyuta kuu ni kama bwana mkubwa aliyeketi ndani, ana akili nyingi wala hana mikono. Hawezi kusoma kadi, hawezi kuchapa karatasi. Kazi hizo hufanywa na vyombo vilivyo nje yake, na kila chombo kina tabia zake. Draiva ni programu ndogo inayokwenda baina yao. Hukiuliza chombo: uko tayari? Kadi imekwama? Karatasi imekwisha? Chombo hujibu kwa alama nane, nyingine zimewaka na nyingine zimezimika, na draiva hurudi kwa bwana mkubwa na habari za kweli. Yashikeni hayo maneno mawili, habari za kweli, kwa sababu ndipo nilipojikwaa.

Bi Zuhura alinifundisha kwa kisoma kadi. Wiki nzima hakuniruhusu kuandika hata mstari mmoja. Alinipa daftari, penseli na kiti, akaniketisha mbele ya chombo. Nikiondoa kifuniko, niandike taa zipi zinawaka. Nikitia kadi iliyokunjika, niandike. Nikitia kadi zilizonywa unyevu wa bahari zikavimba, niandike. "Kijue kama unavyomjua mtu wa kwenu," alisema, "ndipo uzungumze nacho." Nililishika neno lake vizuri mno. Hilo ndilo tatizo la wanafunzi watiifu.

Baada ya miaka kadhaa shirika likafungua kituo Lamu mjini. Kazi yake ilikuwa kuchapa orodha za watahiniwa wa shule za visiwani: kila msimu wa mitihani majina yalikuwa Mombasa ndani ya kompyuta kuu, na orodha zilifika visiwani kwa basi na boti, zikiwa zimelowa na pengine zimechelewa. Sasa majina yangepita kwenye waya wa simu na kuchapwa pale pale Lamu. Mimi nikapewa kazi ya kuandika draiva ya printa hiyo, kwa kuwa ni mtu wa kisiwa. Sikuona uhusiano, lakini sikubisha.

Printa yenyewe ilikuwa kubwa kama kabati la nguo la watu wawili. Ilipofika gatini hakuna punda ambaye ingemkaa mgongoni, na mkokoteni haukuweza kupita vichochoroni. Mahamali wakaifunga kwenye miti miwili mirefu, wakaifunika turubai la kijani ili isipigwe na jua, wanane wakaibeba mabegani. Hapo nilipaswa kuona mbele, na sikuona. Mtu yeyote wa Lamu akiona kitu kirefu kimefunikwa kijani kikipita mabegani mwa watu wanane, anajua la kufanya. Wazee waliokuwa barazani wakainuka. Wanaume wakatoka madukani, wakatia mabega yao, wakipokezana kama inavyopasa. Tulipofika msikiti wa kwanza tulikuwa watu wapatao arubaini, wote kimya, wengine wakiomba dua.

Mzee mmoja akanisogelea, akanong'ona, "Ni nani, Allah amrehemu?"

"Ni printa, mzee."

Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Alikuwa mgonjwa?"

Nikamweleza. Akanitazama kwa muda, akalitazama turubai, kisha akasema, "Basi tumeshaibeba mpaka hapa, tuimalizie." Wakaimalizia. Nasema kwa haki: hakuna hata mmoja aliyeacha bega njiani baada ya kujua, ingawa walioomba dua walinyamaza.

Aliyekuwa mlangoni kuipokea alikuwa Bwana Kilonzo, mwendeshaji wa kituo, Mkamba kutoka Kitui. Aliona msafara ukija akavua kofia. Yeye hakuwa ameiona bahari kabla ya kuhamishiwa Lamu, na wiki ya kwanza alikuwa akitembea huku ameshika ukuta kana kwamba kisiwa kingeyumba. Lakini mwendeshaji bora kuliko yeye sijamwona. Kila asubuhi aliifuta printa chumvi kwa kitambaa cha pamba. Karatasi alizianika juu ya mkeka wa Kipungani, alioununua kwa kazi hiyo tu, na mkewe hakuruhusiwa kuukalia. Na kila siku saa saba kamili mchana aliizima printa ipumzike, na saa nane kamili aliiwasha. Hakuna aliyemwagiza. Alisema hata ng'ombe wa kulima hupumzishwa.

Sasa nifike kwenye kosa.

Nyumbani kwetu Matondoni mama alitufundisha namna ya kubisha mlango kabla hatujajua kufunga vishikizo. "Hodi tatu, mwanangu," alikuwa akisema. "Usipoyibiwa, shika ndia yako. Wala usende ukasema muyini kuwa fulani hakufungua. Huenda hana cha kukupa." Ndiyo adabu yetu, na ndiyo dini pia. Unabisha, unangoja kidogo, unabisha, unangoja, unabisha mara ya tatu, unashika njia yako bila kinyongo na bila kwenda kumsema mjini.

Nilipoketi kuandika draiva, mahali pa kuiuliza printa kama iko tayari, mkono wangu uliandika tatu. Sikufikiri. Kama ungeniuliza kwa nini si mbili au kumi, ningekuona huna malezi. Kila swali lilipewa sekunde tano. Printa isipojibu mara ya tatu, draiva iondoke. Kisha nikaandika ujumbe wa kupelekwa kwenye meza ya msimamizi Mombasa: PRINTA YA LAMU HAIJIBU. Niliutazama ujumbe huo jioni nzima. Ulinikaa vibaya. Ulikuwa kama kusengenya. Nikaufuta. Na kwa kuwa kazi isiyochapwa ikibaki kwenye foleni huwazuia walio nyuma yake, nikaamuru iondolewe, na pembeni iandikwe IMEKWISHA.

Bi Zuhura aliipitia programu yote kwa rula, mstari kwa mstari, kama alivyopitia kila kitu. Alipofika hapo, nakumbuka, rula ilisimama kidogo.

"Tatu zatosha," alisema, akatia alama ya vema.

Angekuwa mtu mwingine yeyote katika chumba kile, mtu wa Nyeri au wa Kakamega, angeniuliza. Tulikuwa wawili tu duniani ambao wangeweza kuliandika kosa hilo na kulipitisha, na shirika lilikuwa limetuweka meza moja.

Draiva ilifanya kazi miezi mingi bila tatizo, nami nikaanza kutembea kama mtu aliyejenga daraja. Kisha ukaja msimu wa mitihani.

Mwalimu mkuu wa shule moja ya kisiwa cha Pate alipanda boti gatini Mtangawanda, akaja Lamu kuchukua orodha yake, akaambiwa haipo. Kilonzo akapiga simu Mombasa. Mombasa wakatazama: IMEKWISHA. Wakachapa tena, ikatoka, mwalimu akaondoka akinung'unika. Wiki iliyofuata orodha ya shule nyingine ikapotea vile vile. Kisha ya tatu, na safari hii mwalimu alikuwa amekuja mara mbili, mara ya pili akiwa na mwenyekiti wa wazazi.

Mkuu wetu wa mitambo alikuwa Bwana Gitonga, mtu wa Meru, mrefu, mwenye kalamu nne mfukoni. Alimpigia Kilonzo simu mbele yetu na kwa kuwa simu za Lamu zilitaka kelele, tuliwasikia wote wawili.

"Kompyuta inasema imechapa, Bwana Kilonzo."

"Kompyuta haiko hapa, mkubwa. Mimi ndio niko hapa."

"Kompyuta haina sababu ya kunidanganya."

"Na mimi ninayo?"

Bwana Gitonga alikata simu, akaandika barua: Kilonzo ajieleze Alhamisi, mbele yake, Lamu; akishindwa, kazi yake imekwisha. Maneno yalikuwa yameanza kusemwa kwamba anaziuza karatasi. Nami nitaandika ukweli, ingawa mkono hautaki: nilimshuku pia. Nilijisemea, mtu yuko mbali na kwao, karatasi ni nyingi, hakuna anayemwona. Nilijua kwamba mkewe ndiyo kwanza amefungua kibanda cha kushona, na kwamba watoto wake wanne walikuwa wamekwisha kukijua Kiamu kuliko Kikamba, na akifukuzwa hao wote watapakiwa boti na mizigo yao. Nilijua hayo yote na bado nilimshuku yeye kabla ya kuishuku programu yangu. Sikuishuku kabisa. Ilikuwa na alama ya vema.

Bwana Gitonga akanichukua nifuatane naye kama shahidi wa mitambo. Tulifika Lamu Alhamisi asubuhi, na kikao kiliwekwa saa tisa. Gatini akaona njaa, akanunua bajia kwa mama mmoja. Zilikuja zimefungwa katika karatasi pana yenye mistari ya kijani na vitundu pembeni. Karatasi yetu. Aliila bajia ya kwanza polepole sana, akakunja karatasi na mafuta yake, akaitia mfukoni pamoja na kalamu nne.

"Ushahidi," alisema.

Nikaona Kilonzo amekwisha. Mchana, wakati Bwana Gitonga amelala, nilikwenda kumwona peke yangu, kumshauri akiri mapema ili asipoteze kila kitu. Alikuwa akikaa orofa ya juu ya kituo. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikabisha: hodi. Kimya. Nikangoja kidogo, nikabisha. Kimya. Nikabisha ya tatu. Kimya. Nikageuka, nikaanza kushuka ngazi, na moyoni nikamwonea huruma kwamba aibu imemzuia kufungua.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo nyuma yangu.

"Shee! Unaenda wapi sasa?"

"Nimebisha mara tatu, Bwana Kilonzo. Hukujibu."

"Si nilikuwa navaa shati!" Na kweli lilikuwa limefungwa vishikizo viwili tu, tena vya upande usio wake. "Kwani unafukuzwa na nani? Unagonga ta-ta-ta, halafu unatoroka! Nyinyi watu wa hapa mnanimaliza. Mwezi ule mke wangu alikuwa mgonjwa, majirani wanane walikuja wakaenda na sisi tuko ndani tunatafuta leso ajifunike. Wanane! Tukakaa tukidhani hakuna anayetupenda."

"Walikuja?"

"Nilikuja kujua baadaye sana. Na wenyewe hawakusema. Hata sokoni, kimya. Ukishaondoka mlangoni kwa mtu, huwa unasema nini?"

"Hatusemi kitu. Ni aibu kumsema mtu kwamba hakufungua."

"Sasa mtu wa ndani atajuaje?"

Nilisimama kwenye ngazi ile mguu mmoja juu, mmoja chini.

"Printa," nikasema. "Ukiiwasha saa nane, inachukua muda gani mpaka iwe tayari?"

Alifikiri. "Ngoma yake, ile yenye herufi, lazima ishike kasi kwanza. Mimi huwa nasoma Zaburi ya ishirini na tatu, mara mbili. Polepole."

"Na kabla ngoma haijashika kasi, inajibu?"

"Itajibuje? Bado inavaa shati."

Draiva yangu ilibisha mara tatu kwa sekunde tano tano. Sekunde kumi na tano. Katika Zaburi ya Kilonzo mchungaji alikuwa hata hajafika kwenye maji ya utulivu.

Lakini mbona iliwahi kufanya kazi miezi yote ile? Hilo nalo tulilipata. Siku za kawaida wenzetu wa Mombasa walichelewa kurudi kutoka kula, wakaanza kutuma kazi saa nane na nusu, printa imekwisha kuamka. Msimu wa mitihani Bwana Gitonga aliamuru kila mtu awe mezani saa nane kamili. Siku tatu walimtii barabara, na ndizo siku tatu orodha zilipopotea.

Tulishuka kituoni. Saa nane kasoro dakika mbili nikampigia Bi Zuhura, nikamwomba atume ukurasa mmoja wa majaribio pindi nikimwambia. Kilonzo akabonyeza kitufe, ngoma ikaanza kuvuma. "Sasa," nikasema. Kilonzo akafumba macho, midomo ikicheza. Tukangoja. Ngoma ikashika kasi, taa ya kijani ikawaka, karatasi haikusogea hata kitundu kimoja.

"Kwako imeandika nini?" nilimuuliza Bi Zuhura kwenye simu.

"Imekwisha." Nilimsikia akivuta kiti. "Shee. Ni zile tatu?"

"Ni zile tatu."

"Na mimi nilitia alama ya vema," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Sasa nitawaambia kitu ambacho sikumwambia hata yeye. Pale pale nilifikiri kwamba naweza kurudi Mombasa, nibadilishe mistari minne kimyakimya, na orodha hazitapotea tena milele. Hakuna ambaye angejua. Ila zile orodha tatu za kwanza zingebaki juu ya Kilonzo. Nilifikiri hivyo kwa muda kama wa nusu ya Zaburi. Kilonzo alikuwa akinitazama, shati bado limekwenda upande, na wala hakuwa amesema, "Basi ni wewe." Alisema, "Umekula, lakini?" Nikaona haya.

Saa tisa Bwana Gitonga akaketi kwenye kiti pekee cha kituo. Kilonzo akaketi juu ya katoni ya karatasi. Mimi nilisimama, nikaeleza. Ilinichukua muda. Bwana Gitonga alifumba macho.

"Nataka nielewe," alisema. "Programu ya shirika inabisha hodi."

"Ndiyo, Bwana."

"Mara tatu."

"Ndiyo."

"Isipojibiwa, inaenda zake."

"Ndiyo, Bwana."

"Na haimwambii mtu."

"Ni adabu, Bwana."

"Halafu inaandika kwamba imemwona mwenyeji, wamezungumza, kazi imekwisha."

Kwa mara ya kwanza niliisikia kama ilivyokuwa. Mama hakunifundisha hilo. Kubisha mara tatu ni adabu, na kuondoka kimya ni adabu. Lakini mama hakusema nirudi nyumbani nidai nimekaribishwa chai.

"Hiyo si adabu," nilisema. "Hiyo ni uongo. Na ni wangu mimi, si wa mama."

Bwana Gitonga akafumbua macho.

"Kwetu Meru," Bwana Gitonga alisema mwisho, "usipojibiwa mlangoni unazunguka nyuma ya nyumba." Akatoa mfukoni karatasi yenye mafuta, akaiweka mezani. "Na hii?"

"Hiyo ni ya majaribio, mkubwa," Kilonzo akasema. "Tazama, ni A tupu kutoka juu mpaka chini. Nilimpa yule mama zile za kutupwa. Nilimwambia wino haufai kwa chakula. Akasema wateja wanapenda kitu cha kusoma."

Bwana Gitonga akaigeuza karatasi juu chini. Ilikuwa A tupu. Nadhani alikaribia kucheka, lakini siwezi kuapa.

Watu wengi katika shirika walimchukia Bwana Gitonga, nami nimewasikia na pengine nimechangia. Basi na hili liandikwe: aliirarua barua ya Kilonzo mbele yetu, akaomba karatasi, akaandika nyingine kwa mkono wake, ya kumwomba radhi, akaisaini kwa kalamu mbili kwa sababu ya kwanza iliisha wino. Mimi nikapata barua ya onyo. Ninayo mpaka leo, imo ndani ya daftari hili. Bi Zuhura aliposikia alitaka naye apewe ya kwake, kwa alama ya vema. Bwana Gitonga akamwambia kosa moja barua moja. Bi Zuhura hakumsamehe kwa hilo mpaka alipostaafu.

Draiva niliiandika upya kwa wiki mbili. Tangu siku hiyo haiondoki mlangoni. Inabisha, inangoja muda wa kutosha mtu avae, inabisha tena, hata kama ni mpaka kesho. Kila ikibisha mara ya tatu humwambia msimamizi kwamba bado iko mlangoni, na ujumbe ule niliouona ni masengenyo sasa unakwenda bila haya. Na haiandiki IMEKWISHA mpaka printa yenyewe iseme karatasi imetoka. Ule muda wa kungoja, baina ya hodi na hodi, ulihitaji jina ndani ya programu. Nikauita SHATI. Mkiufuta, draiva haijui ingoje muda gani, ndiyo maana kila kitu kinasimama.

Tangu hapo nimeandika draiva nyingine nyingi, za tepu, za diski, za printa ndogo zisizohitaji hata mtu mmoja wa kuzibeba. Mengine nitayakumbuka, mengine sidhani yana faida. Kompyuta kuu yenyewe, mliponiaga, ilikuwa imekwisha kuwa programu ndani ya sanduku lisilozidi la viatu, na humo ndani, mliniambia, draiva yangu bado inabisha kwa printa ambayo haipo tena. Nimelala nalo hilo siku kadhaa. Nadhani sasa mnaweza kuifuta. Au iacheni. Haimsumbui mtu, na angalau inasema kweli.

Nilikuwa nimefika hapo asubuhi ya leo, niko ukumbi wa nyuma, kifua wazi kwa joto, nikitafuta namna ya kumaliza, nikasikia hodi mlangoni. Masikio yangu si ya zamani, na sikuwa na hakika. Ikaja ya pili. Nikaanza kulitafuta shati, sikumbuki nililiweka wapi. Ikaja ya tatu, nami bado natafuta, na kwa mazoea ya maisha yangu yote nikajua kwamba huyo, awaye yote, sasa anageuka.

Ikaja ya nne. Ikaja ya tano. Kisha sauti ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi, nzito, ya mtu aliyetoka mbali kwa basi na boti, ikapaa juu ya ukuta mpaka majirani wakatoka:

"Shee! Niandike ripoti Mombasa?"

"Ngoja!" nikapiga kelele. "Navaa shati!"

"Vaa taratibu," akasema Kilonzo, na nikamsikia akiketi barazani. "Mimi siondoki."

Basi niacheni niishie hapa. Vishikizo vyenyewe bado vinanisumbua.